Kitufe Kisichojieleza

Tarehe 11 Agosti 2020, Citibank ya Marekani ilikusudia kuwalipa wakopeshaji wa kampuni ya vipodozi ya Revlon riba ya dola milioni 7.8. Zikatoka karibu dola milioni 900, fedha za benki yenyewe. Habari ilipozagaa, maelezo ya mtaani yalikuwa yaleyale: kuna mtu kabonyeza kitufe kisicho chake. Maelezo ya namna hiyo huridhisha haraka kwa kuwa yanampata mkosaji haraka. Ila watu watatu waliupitia muamala ule kabla fedha hazijaondoka, wawili wakiwa India na mmoja Marekani, na wote waliona mambo yako sawa.

Tuangalie walichokuwa wanakitazama. Programu waliyotumia, Flexcube, iliwalazimu kuingiza muamala kana kwamba mkopo wote unalipwa, kisha kuielekeza fedha ya mkopo kwenye akaunti ya ndani ya benki ili isitoke, na riba peke yake ndiyo iende kwa wenyewe. Kwenye skrini kulikuwa na sehemu tatu za kutia tiki zenye majina PRINCIPAL, FRONT na FUND. Principal, kwa lugha ya kibenki, ni ule mkopo wenyewe bila riba. Wao walitaka kuuzuia mkopo usitoke, hivyo wakatia tiki palipoandikwa PRINCIPAL. Wewe ungefanya nini? Kumbe zote tatu zilipaswa kujazwa, na hakuna herufi yoyote kwenye FRONT wala FUND iliyosema hivyo. Kabla ya hatua ya mwisho programu ilitoa onyo kwamba fedha zitatoka nje ya benki, je, waendelee? Onyo halikutaja kiasi. Na kwa kuwa riba kweli ilitakiwa kutoka nje ya benki, onyo lilionekana la kawaida kabisa. Wakaendelea. Baadhi ya wakopeshaji walikataa kurudisha takriban dola milioni 500, mahakama ikawaunga mkono Februari 2021, na rufaa ikautengua uamuzi huo Septemba 2022.

Wengi wetu hatuhamishi mamilioni. Tunaandika barua, tunajaza jedwali la mishahara, tunamtolea mteja risiti. Lakini lile neno tunalolisikia kila siku maofisini, "mimi na kompyuta hatupatani", mara nyingi linatoka kwa mtu aliyekutana na FRONT na FUND za ngazi yake. Makala hii inahusu vitufe hivyo: kwa nini vingine unaviona mara moja, na vingine unapita juu yake mwaka mzima bila kujua kwamba ndivyo ulivyokuwa unavihitaji.

Tuelewane kwanza kwa maneno. Fungua programu yoyote ya kuandikia kwenye kompyuta ya mezani au laptop. Mstari wa maneno ulio juu, kama Faili, Hariri, Ingiza na kuendelea, ni menyu. Ukibofya neno, orodha inashuka. Safu ya vitufe ndiyo upauzana. Picha ndogo iliyochorwa kwenye kitufe ni aikoni. Neno lililoandikwa kwenye kitufe, kama lipo, ni lebo. Na yale maandishi yanayochomoza ukisimamisha kishale juu ya kitufe bila kubofya ni kidokezo.

Menyu na upauzana vinaweza kuwa na amri zilezile, ila kazi zake hazifanani. Menyu imeficha kila kitu nyuma ya neno, nawe unaifungua ukiwa unatafuta. Upauzana umeweka amri chache wazi, mbele ya macho, kwa ajili ya mambo unayoyafanya kila mara. Kwa hiyo swali la kwanza kwa anayebuni programu ni lipi litoke kwenye menyu likae nje. Swali la pili ni litaonekanaje likishatoka. Wengi hulirukia la pili.

Eti picha haihitaji lugha

Imani iliyoenea sana ni kwamba kitufe chenye picha kitaeleweka Mwanza, Mombasa na Muscat bila kutafsiri chochote. Inavutia, hasa kwa kampuni inayotaka kuuza programu moja duniani kote. Lakini hebu tuone mchoraji anapewa nini. Kwa miaka mingi aikoni ya upauzana ilichorwa katika mraba wa pikseli 16 kwa 16. Hizo ni nukta 256. Kwa nukta 256 unaweza kuchora printa au mkasi, na mtu akatambua. Sasa chora "tendua". Chora "unganisha barua hii na orodha ya majina". Vitu vina maumbo ya kuchorwa, vitendo vingi havina, na upauzana umejaa vitendo.

Mchoraji anabaki kuazima kitu kilicho jirani na kitendo. Ndiyo maana lenzi ya kukuzia haina makazi. Katika matoleo ya zamani ya Word, programu ya kuandikia ya Microsoft, karatasi yenye lenzi ilimaanisha kuutazama ukurasa kabla ya kuuchapa, na kutafuta neno kulipewa darubini. Leo programu nyingi zimempa lenzi kazi ya kutafuta, nyingine zimempa kazi ya kukuza maandishi, na zipo zenye lenzi mbili kwenye dirisha moja, tofauti yake ikiwa kialama cha kujumlisha kilichojibanza ndani ya kioo. Mwenye macho mazuri atakiona. Mwenye miwani ya kusomea aliyoisahau nyumbani, shauri yake.

Aikoni ni kama kopo la Blue Band kwenye rafu ya jikoni. Wa nyumbani wanajua ndani mna chumvi kwa sababu wamelifungua mara nyingi. Mgeni aliyejitolea kupika chai atalifungua, atalifunga, atafungua la pili, mwishowe ataita: "Sukari iko wapi?" Hakuna atakayesema mgeni huyu hajui makopo. Mfanyakazi mpya akiita vivyo hivyo mbele ya kompyuta, tunasema hajasoma.

Hapo pana jambo linalopindua hoja nyingine inayopendwa, ile ya disketi. Alama ya kuhifadhi kazi katika programu nyingi ni disketi ya inchi 3.5, kitu kilichobeba megabaiti 1.44, ambacho hata Sony, waliokibuni, waliacha kukiuza nchini Japani mwaka 2011. Kila baada ya muda anatokea mtu wa kudai ibadilishwe kwa kuwa vijana wa leo hawajawahi kuishika. Sikubaliani naye. Mwanafunzi wa kidato cha pili hajui disketi ni nini, ila anajua vizuri kwamba kale kamraba kanasevu kazi, kama anavyojua kuisoma herufi B bila kuuliza ilitokana na nini. Picha iliyokwisha kuzoeleka imekuwa herufi. Ukiibadilisha leo kwa wingu au mshale unaoingia kwenye boksi, umewarudisha wote darasa la kwanza, wazee na vijana pamoja. Aikoni za namna hii, zilizokwisha kuwa herufi, ni chache: disketi, mkasi, printa, B ya herufi nzito, mshale unaojikunja wa kutendua. Orodha haiendi mbali sana baada ya hapo.

Sasa aikoni isiyo kwenye orodha hiyo ifanyweje? Jibu lilipatikana ndani ya Microsoft yenyewe, kwa njia ndefu. Jensen Harris, mmoja wa walioongoza usanifu wa Office 2007, kifurushi cha programu za Microsoft chenye Word ndani yake, aliwahi kusimulia habari za Outlook, programu ya barua pepe. Watumiaji wa kawaida walikuwa hawaugusi upauzana wake, wanakwenda kwenye menyu kila mara. Wabunifu wakachora aikoni upya. Hakuna kilichobadilika. Wakazipanga upya. Wapi! Mwishowe wakaandika maneno kando ya aikoni za vitufe muhimu vichache, na watu wakaanza kuvitumia. Picha zilikuwa zilezile.

Neno halikuondoa picha, wala halipaswi kuiondoa. Picha inasaidia jicho kupata mahali kwa haraka safari ya pili na ya tatu. Neno linakuambia safari ya kwanza kwamba umefika. Anayezificha lebo zote ili dirisha lipendeze amewabunia wale tu ambao wameshajua. Na kidokezo hakilipi deni hilo, ingawa wabunifu wengi hujitetea nacho. Ili ukione kidokezo, ni lazima kwanza ukishuku kitufe, ukipelekee kishale, usubiri. Mbele ya vitufe 30 visivyo na maneno hakuna mtu mwenye kazi ya haraka atakayevipitia kimoja kimoja akisubiri maandishi yachomoze. Kwenye skrini ya kugusa kwa kidole, ambayo sasa iko kwenye laptop nyingi, hakuna kishale cha kusimamisha popote.

Word ilivyojazana

Word 1.0 ya Windows ilikuwa na pau mbili tu za zana. Word 2003 ilikuwa na 31. Amri zilipanda kutoka takriban 100 hadi zaidi ya 1,500. Hakuna aliyekaa kitako akaamua kuijaza hivyo. Kila toleo lilileta mambo mapya, kila jambo jipya lilidai mahali pake, na kila timu iliamini jambo lake ndilo linalosubiriwa na dunia. Ukifanya kazi kwenye ofisi inayotengenezewa programu yake ya ndani umeshayaona haya: idara ya uhasibu inataka kitufe, ya manunuzi inataka kitufe, mkurugenzi naye ana kitufe chake alichokiota usiku.

Kilichofuata ni somo zuri la namna ya kulitibu tatizo vibaya. Office 2000 ilikuja na menyu zilizojifupisha: amri usizozitumia zilifichwa, na zile unazozitumia zikasogea. Wazo lilikuwa kupunguza msongamano. Matokeo yake, menyu ya leo haikufanana na ya jana. Mkono wako umezoea kwamba amri fulani ni ya tano kutoka juu. Leo ni ya tatu, na ile ya nane haipo. Mtu anayemwelekeza mwenzake kwa simu, "nenda Zana, halafu shuka mpaka chini", anaambiwa hakuna kitu kama hicho. Watu hukumbuka vitufe kwa mahali pake kuliko kwa umbo lake. Mahali pakihama, kumbukumbu imekwenda nayo.

Kwa Office 2007 walianza kwa kuhesabu. Takwimu zilizokusanywa kutoka kwa watumiaji waliokubali kuzitoa zilionyesha kwamba katika Word 2003 amri tano, yaani bandika, hifadhi, nakili, tendua na herufi nzito, zilikuwa asilimia 32 ya amri zote zilizotumika. Bandika peke yake ilipita asilimia 11. Fungua Word leo, kichupo cha mwanzo, uangalie kona ya kushoto: kitufe cha kubandika ni kikubwa, kina picha na kina neno chini yake, huku kukata na kunakili vimekaa pembeni vikiwa vidogo. Ukubwa ule una sababu, na sababu yenyewe ni ile asilimia.

Utepe, yaani ule upau mpana wenye vichupo ulioletwa na Office 2007 badala ya menyu na pau za zana, ulilaaniwa sana na waliozoea mpangilio wa zamani, na malalamiko yao yalikuwa ya haki, maana walipokonywa mahali pa kila kitu kwa mpigo. Lakini kwa anayeanza, kuviona vitufe vimewekwa kwa makundi yenye majina, na vingi vikiwa na maneno, ni nafuu kubwa kuliko pau 31 za picha tupu. Ukweli wote wawili unakaa pamoja. Mbunifu anayehamisha vitufe vya programu inayotumika ajue kwamba gharama ataibeba yule mtumiaji wake mwaminifu zaidi.

Lebo iseme nini

Huu ndio upande ambao haugharimu kitu, na ndio unaopuuzwa kuliko yote. Programu inaundwa kwa miezi, halafu lebo zinaandikwa jioni ya mwisho na yeyote aliyebaki ofisini.

Kitufe kinafanya jambo, kwa hiyo lebo yake iwe kitenzi, na kitenzi hicho kieleze kitakachotokea ukikibonyeza. Unafunga andiko ambalo hujalihifadhi. Programu moja inakuuliza kwa sentensi ndefu kama unataka kuhifadhi mabadiliko, na chini pana Ndiyo na Hapana. Programu nyingine inauliza hilohilo, lakini vitufe vimeandikwa Hifadhi na Usihifadhi. Kwenye ile ya kwanza ni lazima usome swali, na watu hawasomi swali. Kwenye ya pili kitufe chenyewe kinatosha. Apple wameutumia mtindo wa pili kwenye Mac kwa miaka mingi.

Kisha kuna kile kichekesho ambacho kila aliyewahi kulipia kitu mtandaoni amekutana nacho. Unataka kuacha. Dirisha linachomoza: "Una uhakika unataka kughairi?" Chini yake vitufe viwili: Sawa, Ghairi. Ghairi hapa ni kughairi malipo, au ni kughairi kughairi? Hakuna jibu kwenye skrini. Dawa yake ni maneno mawili mawili: Acha malipo, Endelea kulipa.

Kiswahili kina mitego yake pia, na tumekuwa nayo tangu programu zilipoanza kutafsiriwa, tukikumbuka Jambo OpenOffice iliyotoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2004. Kitufe cha Chapisha kwenye programu ya kuandikia makala kinaweza kupeleka kurasa kwenye printa, au kikaanika andiko lako mbele ya dunia nzima. Penye vyote viwili, andika "Toa kwenye printa" na "Weka mtandaoni". Yatadai nafasi zaidi, na mbunifu aliyekitengeneza kitufe kwa kipimo cha neno fupi la Kiingereza atalalamika kwamba lebo haiingii. Atanue kitufe. Kukata neno katikati na kuweka nukta ni kuirudisha aikoni isiyojieleza, safari hii imechorwa kwa herufi.

Nukta tatu, kwa bahati mbaya, zina maana nyingine muhimu ambayo wachache huambiwa. "Hifadhi kama…" ina nukta kwa sababu programu bado itakuuliza jambo kabla ya kutenda: jina gani, folda gani. "Hifadhi" haina, kwa kuwa itatenda papo hapo. Ni desturi ya Windows na ya Mac pia. Ukiona nukta tatu, bofya bila hofu. Bado una nafasi ya kurudi nyuma.

Mkono nao una kanuni zake

Mwaka 1954 mwanasaikolojia wa Marekani, Paul Fitts, alionyesha kwamba muda wa kufikisha mkono kwenye shabaha unategemea mambo mawili: umbali wa shabaha na ukubwa wake. Kompyuta zenye kishale zilikuwa bado hazijazaliwa, lakini kanuni yake ikazingoja. Kitufe kidogo kilicho mbali kinakuchelewesha na kukukosesha. Kikubwa kilicho karibu unakipata bila kufikiri.

Kingo za skrini zina upendeleo wa ajabu, kwa sababu kishale kikifika ukingoni kinasimama chenyewe hata ukikisukuma kwa nguvu namna gani. Ndiyo faida ya menyu za Mac kukaa juu kabisa ya skrini. Katika Windows 95, kitufe cha Start kilikaa kona ya chini kushoto, kona ambayo ungeweza kutupa kishale ukiwa umefumba macho, ila kiliachiwa ufa mwembamba kati yake na ukingo. Ukibofya kwenye kona yenyewe, hakuna kitu. Pikseli chache zikaharibu mahali pazuri kuliko pote kwenye skrini.

Kanuni hiyohiyo inaeleza kwa nini Futa haipaswi kukaa bega kwa bega na Hifadhi. Mkono huteleza. Wenye touchpad ya laptop iliyochoka wanajua.

Mambo mawili ya rangi, kwa ufupi. Kitufe kilichofifia kijivu kinamaanisha hakiwezi kutumika kwa sasa, na kukififisha ni bora kuliko kukificha, kwa sababu mahali pake panabaki palepale. Kinachokosekana karibu kila programu ni sababu. Hapa ndipo kidokezo kingefaa sana: "Chagua kwanza mteja, ndipo utoe ankara." Kuhusu nyekundu na kijani: miongoni mwa wanaume wenye asili ya Ulaya, takriban mmoja kati ya 12 ana shida ya kutofautisha baadhi ya rangi, na nyekundu na kijani ndizo zinazosumbua zaidi. Rangi iongeze maana iliyokwisha kuandikwa, isiwe ndiyo maana yenyewe.

Kujua kama upauzana wako unajieleza hakuhitaji maabara. Tuseme umetengeneza programu ya duka la dawa. Toa picha ya skrini kwenye karatasi, mpelekee muuzaji ambaye hajawahi kuiona, umwonyeshe kitufe kimoja kimoja na kumwuliza: "Hiki unadhani kitafanya nini?" Halafu geuza swali: "Mteja anataka risiti, utabonyeza wapi?" Sehemu ngumu ni kunyamaza. Ukishasema "angalia hapo juu kulia", jaribio limekwisha. Andika maneno anayotumia yeye, hata kama si yale ya kwenye nyaraka zako. Akisema "hapa natoa risiti" na wewe umeandika "Zalisha hati ya muamala", lebo ni Toa risiti. Ukishairekebisha, mtafute muuzaji mwingine. Yule wa kwanza ameshafundishwa na maswali yako.